Je, Wajua? Gusii Ndani ya Majarida ya Sayansi

Mkulima wa Sironga, Kaunti ya Nyamira, anayechuma chinsaga ya jioni pengine hana habari kwamba mboga hiyo imechunguzwa hadi Cambridge. Udongo anaoulima umepimwa na Waholanzi, na malezi ya watoto wa Gusii yameandikiwa vitabu Marekani. Haya hapa machache kuhusu sayansi iliyotoka katika vilima vya Kisii na Nyamira, na kuhusu anayehesabiwa kuwa mwenye sayansi hiyo.

Je, wajua kwamba kuhesabu makala za kisayansi ni taaluma yenyewe?

Mkutubi maarufu wa India, S. R. Ranganathan, alipendekeza mwaka 1948 kwamba hisabati itumike kupima kazi za maktaba. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alizindua faharasa inayoonyesha ni mwanasayansi gani amemnukuu nani. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo cha h: mtafiti mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Tangu 2016 serikali ya India huchapisha orodha ya kitaifa ya vyuo vyake, na idadi ya makala ni sehemu ya alama. Ndiyo sababu hata chuo cha jimboni huko hukaa chini kuhesabu kimechapisha nini na kimenukuliwa mara ngapi.

Lakini hesabu hizo zina kanuni moja ambayo wengi hawaifikirii. Makala huandikwa kwa jina la chuo cha mwandishi. Shamba lililotoa sampuli halipati alama hata moja.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Kisii kilianza kama chuo cha walimu wa shule za msingi?

Mwaka 1965 Baraza la Kaunti ya Gusii lilitoa ekari 61 za ardhi kwa ajili ya chuo hicho. Mwaka 1983 kikapandishwa hadhi kuwa chuo cha walimu wa sekondari cha kiwango cha diploma. Mwaka 1994 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki. Hatimaye, Februari 2013, Rais Mwai Kibaki alikipa hati ya kujitegemea. Makamu Chansela wake wa kwanza, Profesa John Akama, ni mtafiti wa utalii, na mwaka 2006 alihariri pamoja na mwanahistoria Robert Maxon kitabu kuhusu mila na maisha ya Wagusii.

Karibu tafiti zote utakazosoma hapa chini zilifanywa kabla ya 2013. Gusii haikuwa na chuo kikuu chake cha kutajwa katika anwani za waandishi.

Je, wajua kwamba udongo wa Kisii ni miongoni mwa udongo wa Afrika uliopigiwa hesabu kwa makini zaidi?

Katika miaka ya 1970 chuo cha kilimo cha Wageningen, Uholanzi, kilikuwa na mradi wa mafunzo ya sayansi ya udongo papa hapa Kisii. Wanafunzi walichimba mashimo, wakachora ramani, na mwaka 1982 ripoti kubwa ya udongo wa eneo hilo ikatoka.

Mwaka 1993 mtafiti Eric Smaling na wenzake wakafanya jambo jipya. Walichukua Wilaya ya Kisii ya wakati huo na kuifungulia daftari kama la duka. Upande wa mapato waliweka njia 5 ambazo rutuba huingilia shambani, zikiwemo mbolea, samadi, mvua na nitrojeni inayonaswa na mimea. Upande wa matumizi waliweka njia 5 ambazo hutokea: mavuno, mabaki ya mazao yanayobebwa, maji yanayozama nayo chini, gesi inayopaa na mmomonyoko. Walipofunga hesabu, walikuta kila hekta inapoteza kwa mwaka kilo 112 za nitrojeni, kilo 3 za fosforasi na kilo 70 za potasiamu.

Kilo 112 za nitrojeni ni nyingi kiasi gani? Ungehitaji zaidi ya magunia 8 ya mbolea ya CAN ya kilo 50 kuzirudisha katika hekta moja, kila mwaka.

Mlaji mkubwa kuliko wote alikuwa pareto: kilo 147 za nitrojeni, 24 za fosforasi na 96 za potasiamu. Chai ndiyo iliyokuwa na nafuu. Ilipoteza kilo 67 za nitrojeni na 30 za potasiamu, lakini fosforasi iliongezeka kwa kilo 6. Mchumaji wa chai huondoka na majani machanga tu, matawi hukinga ardhi dhidi ya matone ya mvua, na mkulima wa chai hupata mbolea kwa urahisi zaidi. Hesabu hiyo ya Kisii bado inanukuliwa duniani kote panapozungumzwa uchovu wa mashamba ya Afrika.

Je, wajua kwamba chinsaga ina ufundi ambao mpunga na ngano hazina?

Mimea mingi hunasa hewa ya kaboni kwa njia rahisi, ambayo jua likiwa kali huipotezea nguvu na maji. Mahindi, miwa na mtama vina njia ya hatua mbili, inayoitwa C4, inayopunguza hasara hiyo. Chinsaga, ambayo sehemu nyingine za Kenya huiita saga au sageti, ni ya kundi hilo hilo. Zaidi ya hapo, ni jamaa wa karibu wa Arabidopsis, kijimea ambacho wanasayansi wa mimea wamekichunguza kuliko kingine chochote. Kwa hiyo mwaka 2005 Julian Hibberd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba mboga hii yafaa kutumiwa kuchunguza jinsi C4 inavyofanya kazi. Shabaha ya mbali ni kuupa mpunga ufundi huo. Mwaka 2023 ramani kamili ya vinasaba vya chinsaga ilichapishwa.

Si hayo tu. Mwaka 1992 watafiti waliripoti kwamba mmea huu hufukuza kupe na hata kuwaua. Mwaka 2007 utafiti uliomshirikisha mtaalamu wa Egerton ulionyesha kwamba ukipandwa kati ya mawaridi husaidia kuwafukuza utitiri wekundu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango naye ametumia miaka mingi kuzirudishia heshima mboga za kienyeji zilizokuwa zikidharauliwa kama chakula cha maskini. Akina mama wa Gusii hawakuwa wameziacha hata hivyo: mbegu wamezitunza nyumbani na kupanda chinsaga, rinagu na enderema msimu baada ya msimu.

Je, wajua kwamba samaki wa kuliwa walipigana na malaria Kisii?

Wakazi wa Sironga wanaujua ugomvi wa kinamasi: wengine wanapanda mikaratusi, wengine wanachimba udongo wa matofali. Shimo la matofali likijaa maji na jua likilipiga, mbu Anopheles gambiae hulipenda sana. Uchunguzi wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2004 ulihusisha mashimo ya aina hiyo na kuzaliana kwa mbu hata wakati wa kiangazi.

Mwaka 2007 mtafiti Annabel Howard na wenzake walichapisha matokeo kutoka Kisii. Walichukua mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa, wakatia tilapia katika baadhi yake na kulinganisha na pasipo samaki. Baada ya wiki 15, viluwiluwi wa mbu wanaoeneza malaria walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94 palipokuwa na samaki. Mwenye bwawa alipata kitoweo na kinga kwa pamoja. Bwawa likiachwa bila samaki, linamfugia mbu.

Je, wajua kwamba mtoto wa Gusii aliwahi kulinganishwa na mtoto wa India?

Watafiti Robert na Barbara LeVine waliishi Gusii kati ya 1955 na 1957, katika jamii ambayo kitabu chao kinaiita Nyansongo. Ilikuwa sehemu ya utafiti wa tamaduni sita, ambao kituo chake cha India kiliitwa Khalapur. Nyingine zilikuwa Mexico, Ufilipino, Okinawa na Marekani yenyewe. Katika miaka ya 1970 Robert LeVine alirudi na timu iliyojumuisha madaktari wa watoto. Waliona kwamba mama wa Kigusii hambembelezi mtoto mchanga kwa maneno mengi wala kumkazia macho kama mama wa Marekani. Humbeba, humnyonyesha, na akilia humtuliza mara moja. Watoto hao walikua vizuri. Vitabu vya malezi vya Marekani vilikuwa vimechukulia desturi za huko kuwa sheria ya binadamu wote.

Je, wajua kwamba Wagusii walikuwa na wapasuaji wa fuvu?

Waliitwa ababari, mmoja akiwa omobari. Mtu aliyegongwa kichwani na kuteswa na maumivu yasiyoisha alipelekwa kwao. Omobari aliichana ngozi, akaukwangua mfupa kidogo kidogo kwa kisu kilichopinda, akasimama kabla ya kutoboa utando unaofunika ubongo. Daktari Edward Margetts, aliyewahi kufanya kazi Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1967. Majarida ya tiba yaliendelea kushangaa kwamba wengi waliopasuliwa walipona. Leo ukiumia kichwa, nenda hospitali.

Je, wajua kwamba una haki ya kumuuliza mtafiti kibali chake?

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inamtaka kila anayefanya utafiti Kenya awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Sheria hiyo hiyo inataja mfuko wa utafiti wa asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa. Fedha zikipungua nyumbani, mtafiti wa Kisii hutegemea mfadhili wa nje, na mara nyingi mfadhili ndiye anayechagua swali.

Basi, msomaji wa Sironga, Keroka au Tabaka: mtafiti akibisha hodi, mkaribishe. Mwombe leseni, muulize anatafuta nini, na kabla hajaondoka na udongo au mbegu yako, mwahidiane kwamba majibu yatarudi barazani kwa lugha mnayoielewa. Na wewe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, daftari la rutuba lililofunguliwa mwaka 1993 linahitaji kuhesabiwa upya. Safari hii lihesabiwe na mtu wa hapa.