Mtindio wa ubongo: Usiuze shamba kwa ajili ya roboti

Majuzi mama mmoja kutoka Malaba alinijia akiwa amembeba mgongoni mwanawe wa miaka minne. Mtoto hukaa mwenyewe, lakini hajatembea. Akisimamishwa, miguu hukakamaa na kupishana kama mkasi. Mama alinionyesha kwenye simu filamu ya mtoto wa ng'ambo akitembezwa na mashine, kisha akauliza: "Daktari, nikiuza kipande changu cha shamba, huyu naye atatembea hivi?"

Msomaji, huenda nawe una swali kama hilo. Tuanze na ugonjwa wenyewe.

Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika ungali unakua. Mtoto huweza kukosa hewa wakati wa uzazi mgumu, kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, kugeuka manjano kupita kiasi siku za kwanza, au kushikwa na malaria ya kichwani. Si laana, na mama asilaumiwe. Utafiti uliofanywa Iganga na Mayuge, ng'ambo ya mpaka wetu huko Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikuta watoto karibu 3 katika kila 1,000 wana hali hii. Kwa robo ya watoto hao, yaelekea chanzo kilikuja baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, hasa malaria kali na degedege. Kwa hiyo chandarua na matibabu ya mapema ni kinga pia.

Jeraha hilo la ubongo haliendelei kukua, lakini hakuna dawa wala mashine ya kuliondoa.

Je, roboti hufanya nini? Iliyo maarufu zaidi, Lokomat, hutoka Uswisi. Mtoto huning'inizwa kwa mikanda juu ya sakafu inayosogea. Miguu yake hufungwa kwenye vyuma vyenye mota, na kompyuta huviongoza vipige hatua. Faida yake ni kwamba mtoto hupiga mamia ya hatua kwa kipindi kimoja bila kumchosha mtaalamu. Bei yake hufika laki kadhaa za dola.

Utafiti unaonyesha kwamba watoto wanaofanyishwa mazoezi ya kutembea kwa mashine huweza kuendelea mbele kidogo kuliko wasiofanya mazoezi ya kutembea. Lakini wakilinganishwa na wanaofanya mazoezi ya kawaida kwa kiasi kile kile, tofauti ni ndogo au haionekani. Kinachosaidia ni mtoto mwenyewe kujitahidi na kurudia mara nyingi.

Sisi wa mpakani, tulioanzisha boda boda, tunalijua jambo hili. Abiria aliyebebwa miaka kumi hajui kuendesha baiskeli. Anayejua ni yule aliyeshika usukani, akaanguka, akapanda tena. Mtoto anayenyooshwa miguu huku amelala ni abiria tu.

Basi fanya hivi. Mpeleke mtoto kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa mfano katika hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Busia. Chagueni pamoja jambo moja ambalo mtoto anakaribia kuliweza na litakalomfaa nyumbani. Akiwa anaweza kujishikilia, mkalishe kwenye kigoda, nyayo zikanyage chini, umwekee ndizi juu ya meza ili ainuke kuichukua. Arudie mara nyingi kila siku. Baba anaweza kufunga fito mbili sambamba uani, mtoto atembee akizishika. Usimvute viungo kwa nguvu. Anapokula, akae wima asipaliwe. Akipata kifafa, atibiwe kwanza.

Usichelewe. Mtoto asiyeshika shingo kufikia miezi minne, asiyekaa kufikia miezi tisa, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, aonwe na daktari.

Nikuambie pia ukweli mchungu: si kila mtoto atatembea. Aliyepita miaka miwili bila kukaa mwenyewe huenda asitembee bila msaada. Huyo pia ana haki ya kiti kinachomfaa, njia ya kuwasiliana na nafasi shuleni. Kumsaidia ajilishe kwa mkono wake ni ushindi mkubwa.

Yule mama nilimwambia asiuze shamba. Mwanawe hushika meza akajaribu kuinuka, na hapo ndipo tulipoanzia. Sikumwahidi kwamba atatembea. Nilimwahidi kwamba kila siku ya mazoezi nyumbani ina thamani, na kwamba mashine ile isingempa alichokuwa akitaka kukiuzia shamba. Nauli ya kwenda kliniki, chakula na karo bado vitatoka kwenye shamba hilo.