Hadithi yaweza kupunguza machungu ya moyo

JE, ndugu msomaji, kichwa hukuuma kila jioni na usingizi umekupaa, ilhali vipimo vya maabara havionyeshi ugonjwa? Madaktari wa Kawangware na Kangemi huwaona wengi wa aina hii. Mara nyingi chanzo ni msiba, ndoa iliyovunjika au kazi iliyopotea.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, si lazima uyaanike machungu yako mbele ya watu. Waweza kumtwika mhusika wa kubuni.

Mwaka wa 1996, Melanie Greenberg na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanafunzi wa kike wa chuo waliokuwa wamepatwa na mikasa mizito. Baadhi waliandika juu ya mkasa wao wenyewe, wengine juu ya mkasa wa kubuni, na kundi la tatu mambo ya kawaida. Mwezi mmoja baadaye, makundi mawili ya kwanza yalikuwa yamemwendea daktari kwa sababu ya ugonjwa mara chache kuliko la tatu. Isitoshe, walipomaliza tu kuandika, waliobuni walikuwa na huzuni kidogo kuliko waliosimulia yao.

Sababu yaweza kuwa hii: anayebuni ndiye anayeamua hadithi ianzie wapi na ikomee wapi. Hujizoeza kuigusa huzuni kwa kiasi anachokimudu.

Kusoma nako husaidia. Ukiwa ndani ya matatu nambari 46 kutoka mjini, riwaya uliyonunua kwa wauza vitabu kuukuu yaweza kukuonyesha kuwa hauko peke yako, na kukupa maneno ya kueleza lililokukwama kooni.

Ukitaka kujaribu, chukua daftari, mpe mhusika jina lisilo lako, kisha uandike dakika 15 hadi 20 kwa siku tatu au nne. Usijali hijai wala sarufi. Huzuni kidogo baada ya kuandika ni kawaida, ikizidi, acha.

Lakini hadithi haichukui nafasi ya matibabu. Usiache dawa ulizoandikiwa. Ukikosa usingizi au hamu ya chakula kwa wiki mbili, muone daktari. Na ukipata mawazo ya kujitoa uhai, mweleze mtu unayemwamini na uende hospitalini siku hiyo hiyo.