Vakansi Imefika: Mutasoma Nini?



Kila mwaka ni vilevile. Proklamasio inapita, mutoto analeta buletini nyumbani, wazazi wanafurahi ao wanakasirika, kisha buletini inafichwa chini ya godoro na kayé za mwaka zinageuka karatasi za kufungia karanga. Toka mwezi wa saba mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa vitabu vinalala. Na mutoto naye anafanya nini?

Wengine wanacheza mupira mpaka jua linashuka. Wengine wanashinda na telefone. Na wengine, njo hapa jambo linakuwa zito, wanafwata wakubwa kwenye mashimo, kubeba mifuko na kusafisha mawe ya shaba na kobalti. "Ni ya vakansi tu," wanasema. Lakini makuta ya kwanza ni tamu. Mwezi wa tisa unafika, kengele ya shule inalia, na kiti cha yule mutoto kinabaki bure. Tunajua wote nyumba zenye jambo hili limefika. Sheria ya ulinzi wa mutoto ya mwaka wa 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, lakini sheria peke yake haiwezi kumushika mutoto mukono asubuhi na kumuonyesha kitu kingine cha kufanya. Hiyo ni kazi yetu sisi wazazi, walimu na wakubwa wa kanisa.

Ndiyo maana mwezi huu ninataka kuzungumuza nanyi juu ya vitabu.

"Kitabu itatuletea bukari?"

Ninasikia mama mumoja anauliza: "Pasta, kitabu itatuletea bukari?" Ulizo lako ni la haki, mama. Leo jioni, hapana. Kitabu hakiwekwi katika sufuria. Lakini sikiliza habari ya kijana mumoja wa Malawi.

Jina lake ni William Kamkwamba, alizaliwa mwaka wa 1987. Katika miaka ya 2001 na 2002 njaa kubwa ilishika inchi yao. William alikuwa tu ameanza sekonderi, na baba yake, mulimaji, akakosa makuta ya minervali. Mutoto akafukuzwa shule. Hakukaa bure. Alienda katika biblioteke ndogo ya shule ya musingi ya Wimbe, karibu na kwao, akaanza kuazima vitabu. Kimoja kilikuwa juu ya nguvu za umeme, kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Akaangalia picha, kisha akatafuta maneno yenye kuelezea picha, moja moja. Pale aliona mashini yenye kuzungushwa na upepo. Akaokota vyuma vya zamani, akachukua kinga mubovu, bomba za plastiki na miti, watu wakisema ameguswa kichwa. Alitoa umeme, na taa zikawaka katika nyumba ya baba yake. Mwaka wa 2007 alialikwa Arusha, Tanzania, kuelezea kazi yake mbele ya watu wa dunia yote. Kisha akarudi shule, na mwaka wa 2014 akamaliza iniversite kule Marekani.

Angalia vizuri. Hakuna mutu aliyemupa makuta siku ile. Alipewa kitabu cha kuazima. Sisemi kila mutoto mwenye kusoma atatoa umeme. Ninasema hivi: mutoto mwenye kusoma anaona mulango pale wengine wanaona ukuta tu.

Sasa tuchague. Nimegawanya vitabu kufwatana na watu wa nyumba. Vingi ni vya Kifaransa, sababu njo luga ya shule zetu, na kusoma ni dawa ya kwanza kwa wale wenye kuogopa Kifaransa wakati wa egzame.

Kwa wadogo, toka miaka 12

L'Enfant noir, cha Camara Laye, kilitoka mwaka wa 1953. Mwandishi anaelezea utoto wake Kouroussa, katika inchi ya Guinée. Baba yake alikuwa mufuaji wa vyuma na wa zahabu. Ninyi watoto wa inchi ya migodi, someni pale mwanamuke analeta zahabu aliyoisafisha mwenyewe katika maji, na baba anaiyeyusha mbele ya watu wote wakinyamaza. Sisi tumezoea kuona mawe yakipakiwa katika makamyo na kuenda mbali. Huyu mutoto aliona jiwe likigeuka pambo mukononi mwa baba yake. Kifaransa chake ni chepesi. Na mwisho, wakati anaachana na mama yake kwa kuenda masomo mbali, hata mukubwa anaweza kupangusa macho.

Ngando, cha Paul Lomami Tchibamba, kilipata zawadi Bruxelles mwaka wa 1948. Ni kimoja cha vitabu vya kwanza vya hadisi ambavyo Mukongomani aliandika kwa Kifaransa. Mutoto mumoja wa Kinshasa anakimbia shule, anaenda kuoga katika mutoni, na mamba anamushika. Mengine sitasema, msome wenyewe. Mwandishi anaingiza mambo mengi ya uchawi na ya mizimu kama vile watu wa wakati ule walivyoyaelewa. Wazazi, someni pamoja na mutoto, kisha muongee naye.

Kwa vijana wa sekonderi

Je ne suis pas sorcier! ni cha Pie Tshibanda, na kilitoka mwaka wa 1981. Huyu ni mutoto wa kwetu: alizaliwa Kolwezi mwaka wa 1951, akasomea mambo ya roho na akili ya watu. Kichwa cha kitabu kinasema jambo lote: mimi si muchawi! Mutu anakufa katika kartie, na mara moja vidole vinanyooshwa: ni muzee fulani, ni mjane fulani, ni mutoto fulani. Na leo hii, wapenzi, mara ngapi vidole hivi vinanyooshwa hata ndani ya makanisa? Mutoto anasingiziwa, anafukuzwa nyumbani, analala sokoni. Kijana mwenye kusoma kitabu hiki atajua kuuliza: "Ushuhuda iko wapi?" kabla ya kushika jiwe.

Ukimupenda mwandishi huyu, tafuta pia Un fou noir au pays des Blancs, cha mwaka wa 1999. Anaelezea namna alifika Ubelgiji mwaka wa 1995, akakuta watu wa kijiji hawasalimiane, akaanza kugonga mulango kwa mulango kusema: mimi ni jirani yenu mupya. Utacheka sana, lakini kicheko chenyewe kina machozi ndani, kwa sababu aliondoka Katanga kisha matata ya kufukuzana kati ya ndugu na ndugu. Vijana wenye kuwaza kwamba Ulaya ni mbinguni, hicho ni chenu.

Kwa wanafunzi wa iniversite na wa shule za Biblia

Someni V. Y. Mudimbe. Alizaliwa mwaka wa 1941 Jadotville, muji tunaoita leo Likasi. Alifundisha katika iniversite ya Lubumbashi, kisha akafundisha Marekani mpaka uzee wake, na alifariki mwaka wa 2025. Kitabu chake Entre les eaux, cha mwaka wa 1973, ni habari ya padri Pierre Landu. Anaona maskini wanaonewa, na kanisa liko upande wa wenye nguvu. Anaacha parokia, anaenda kujiunga na waasi katika pori. Lakini hata kule hapati kile alichotafuta. Ni kitabu kigumu, na hakitoi jibu tayari kama dawa ya kidonge. Kisomeni wawili wawili, na mubishane. Mwanafunzi asiyebishana na kitabu amekisoma nusu.

Kwa mama na binti zao

Une si longue lettre ni cha Mariama Bâ wa Sénégal. Kilitoka mwaka wa 1979, na mwaka wa 1980 kilipata zawadi kubwa ya vitabu vya Afrika. Mjane mumoja, mwalimu, anakaa katika kilio cha bwana yake na kumwandikia rafiki barua. Bwana huyu, kisha miaka makumi mbili na mitano ya ndoa na watoto kumi na wawili, alioa binti mudogo, rafiki wa binti yao wenyewe. Ni nyumba za Kiislamu kule Dakar, lakini maumivu haya yanajulikana hata katika kartie zetu, na deziemu biro si jambo geni. Mabwana nao wasome. Si kirefu.

Kwa nyumba yote

Kuna kitabu kimoja kinapashwa kuwa pale muganga iko mbali: Là où il n'y a pas de docteur, cha David Werner. Iko pia kwa Kiswahili, Mahali Pasipo na Daktari. Kinafundisha kwa maneno mepesi na picha namna ya kusaidia mutoto mwenye kuhara, kusafisha kidonda, na kujua ni wakati gani inapashwa kukimbia hospitali bila kungoja. Kiwekwe mahali watu wote wanakifikia.

Kwa wazee wenye hawakufika mbali katika Kifaransa, ninapendekeza Kusadikika cha Shaaban Robert wa Tanganyika, cha mwaka wa 1951. Kiswahili chake ni cha pwani na kitawapa kazi kidogo. Mutu mumoja, Karama, anashitakiwa kwa kuwa alitaka watu wafundishwe mambo ya sheria. Anajitetea siku sita kwa hadisi za wajumbe waliotumwa mbali kutafuta mema ya inchi, na waliporudi wakalipwa mabaya. Muzee yeyote ataelewa.

Na musiseme Kiswahili chetu cha huku hakina kitabu. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika, pamoja na shirika la wafanyakazi wa nyumba za Wazungu, Vocabulaire de ville de Élisabethville. Kichwa ni Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili chetu, na ni historia ya muji wa Lubumbashi kama vile maboyi na wapishi walivyoiona. Mwaka wa 1990 mwalimu Johannes Fabian alikitoa tena pamoja na maelezo. Si rahisi kukipata, lakini wanafunzi wakitafute katika biblioteke za iniversite. Na wewe kijana, ukikikosa, chukua kayé na kalamu, ukae karibu na nkambo yako aliyefanya kazi katika mugodi, uandike anayosema. Hicho nacho ni kitabu.

Tutavipata wapi?

Ninajua: vitabu ni bei kali. Lakini wale wanaotandika vitabu vya zamani chini, kando ya barabara, wanapunguza bei kama mutu anajua kuzungumuza. Na kitabu kimoja kinatosha watu wengi. Fanyeni hivi:

1. Nyumba kumi za kanisa zijiunge, kila nyumba ilete kitabu kimoja. Tayari muna biblioteke ya vitabu kumi.
2. Wekeni vitabu katika sanduku lenye kufuli, kwa mutu mumoja mwaminifu. Kila kitabu kifunikwe na karatasi ngumu ya mufuko wa simenti iliyopanguswa vizuri.
3. Andikeni katika kayé: jina, kitabu, siku kilitoka, siku kinarudi. Majuma mawili, si zaidi. Mwenye kupoteza analeta kingine.
4. Jumamosi jioni vijana wakutane, mumoja aelezee alichosoma, wengine waulize.

Na namna ya kusoma? Kurasa kumi na tano kwa siku, asubuhi ao kabla ya jua kushuka, maana kura haina saa. Miezi hii miwili ina siku 62: hesabu mwenyewe, ni kurasa 930. Ni vitabu vine vizuri, hata kwa mutu wa polepole. Neno usilolijua, liandike pembeni, usisimame, utauliza kesho.

Paulo mutume, akiwa katika kifungo na baridi ikikaribia, alimwomba Timoteo amuletee koti lake, na pia vitabu. Alijua mwili una haja yake, na akili nayo ina haja yake. Basi, muzazi, ukitafuta unga wa bukari wiki hii, uliza pia jirani yako: "Uko na kitabu gani ya kuniazima?" Na ukikipata, mupe mutoto kabla wengine hawajamupa mufuko wa kubeba mawe.