Kwa Nini Boti Husimama Wima: Uthabiti wa Vyombo kati ya Mbita na Muhuru

Boti ya abiria inayotoka Mbita kwenda Mfangano hubebwa na mvutano wa nguvu mbili. Ya kwanza ni uzito wote uliomo: mbao, injini, magunia, kreti za soda na watu. Uzito huo huvuta chini kana kwamba umekusanyika mahali pamoja panapoitwa kitovu cha uzito. Ya pili ni msukumo wa maji kwenda juu, nao hupita kwenye kitovu cha kuelea, yaani katikati ya ile sehemu ya boti iliyozama. Ziwa likiwa shwari vitovu hivi viwili hukaa kwenye mstari mmoja wa wima, na boti hutulia.

Wimbi likiilaza boti upande, kitovu cha uzito hubaki palepale, mradi hakuna kilichoteleza ndani. Kitovu cha kuelea ndicho kinachohama. Ubavu ulioinama huzama zaidi, maji mengi zaidi husukuma kutoka huko, na msukumo huo huirudisha boti wima. Watu wengi hudhani kwamba chombo hakipinduki kwa sababu uzito wake uko chini ya kitovu cha kuelea. Kwa vyombo vingi sivyo; uzito huwa juu zaidi, na kazi ya kukirudisha chombo hufanywa na upana wake.

Mfaransa Pierre Bouguer ndiye aliyeipa hesabu hii sura yake, katika kitabu alichochapisha mwaka 1746. Alionyesha kwamba chombo kikiinama kidogo, mstari wa msukumo wa maji hukata mstari wa katikati ya chombo mahali alipopaita metasenta. Metasenta ikiwa juu ya kitovu cha uzito, chombo hurudi. Ikiwa chini, chombo huendelea kulala hadi kipinduke. Umbali kati ya nukta hizo mbili ndio kipimo cha kwanza cha uthabiti, na kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari hutaka usipungue mita 0.15 kwa meli za abiria na za mizigo. Meli kubwa ya kitalii inayotia nanga Mombasa hupimwa kwa kipimo hichohicho, ingawa ina ghorofa nyingi na mabwawa ya kuogelea juu yake.

Hesabu ndogo huonyesha jinsi jambo hili lilivyo karibu na maisha ya kaunti za Homa Bay na Migori. Chukua boti ya mbao yenye upana wa mita 2, ambayo pamoja na vilivyomo ina uzito wa tani 3, na metasenta yake iko nusu mita juu ya kitovu cha uzito. Ukingo wake uko sentimita 40 juu ya maji. Abiria wanne wenye kilo 75 kila mmoja, ambao ndio uzito unaotumiwa na kanuni za kimataifa, wakihama mita moja kwenda ubavu wa kulia, boti hulala nyuzi 11 hivi na ukingo wa upande huo hushuka sentimita 20. Hilo linavumilika. Sasa panga magunia ya mahindi juu ya mbao za kukalia, na vijana wakae juu ya magunia. Kitovu cha uzito kikipanda sentimita 25 tu, watu walewale wanne wakihama vilevile, boti hulala karibu nyuzi 22 na ukingo hushuka sentimita 37. Zimebaki sentimita tatu, na wimbi la kiganja huzivuka. Wala katika hesabu hii hakuna mtu aliyeongezwa wala gunia lililozidi. Mzigo ni uleule, umepandishwa tu.

Kanuni hizohizo huhesabu kitovu cha uzito cha abiria aliyesimama kuwa mita moja juu ya sakafu, na cha aliyeketi kuwa sentimita 30 juu ya kiti. Kwenye meli kubwa tofauti hiyo ni ndogo mno. Kwenye boti ambayo uzito wa watu hushinda uzito wa mbao zake, abiria ndio farumi, yaani uzito wa kuituliza boti, na wakisimama wote kwa hofu, farumi imepanda.

Boti nyingi za upande huu wa ziwa ni za aina ya Sesse, zilizopewa jina la visiwa vya Ssese vya Uganda. Hujengwa juu ya mkuku mrefu, mbao za ubavuni zikipigiliwa misumari kwenye mataruma, na nyufa kukalafatiwa kwa nyuzi za pamba. Ni chombo chembamba na kirefu, chepesi kusukumwa na injini ndogo, na mafundi wa ufuoni hukijenga kwa kukadiria kwa macho. Wembamba huo ndio unaoipa boti kasi, na ndio unaoipunguzia uthabiti, kwa kuwa nguvu ya kujirudisha hukua kwa haraka sana upana unapoongezeka. Boti ikiongezwa upana mara mbili, mchango wa umbo lake katika kujirudisha huwa mara nane kwa urefu uleule. Fundi anayekubali kuongeza ubao mmoja wa upana humfaa abiria kuliko anayeongeza ubao mmoja wa kimo.

Maji yaliyoingia ndani ni adui mwingine, tena wa hila. Mbao huvuja, mvua hunyesha, mawimbi hurusha, na baada ya saa moja kuna maji ya ngama yanayocheza chini. Uzito wake si tatizo kubwa, maana uko chini. Tatizo ni kwamba maji hayo hukimbilia upande ule ule boti inakolalia, kama maji kwenye sinia inayobebwa na mkono mmoja. Katika boti ya mfano wetu, maji ya kina cha sentimita 10 yaliyotandaa juu ya sakafu ya mita 6 kwa mita 1.2 hupunguza kile kipimo cha uthabiti kwa takriban sentimita 23, karibu nusu ya akiba yote ya nusu mita. Kwa hiyo yule kijana anayekaa tezini na kopo, akichota maji tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, anafanya kazi nzito kuliko anavyoonekana. Kwenye meli na feri kubwa hatari hiihii hupunguzwa kwa kugawa matangi na ngama kwa kuta, maji yasipate uwanja mpana wa kukimbilia.

Nahodha mzoefu huujua uthabiti wa boti yake bila karatasi, kwa kuuhisi mrama. Boti iliyopakiwa vizuri hurudi upesi, hata kwa kushtua kidogo. Iliyopakiwa vibaya huenda polepole, hufika mwisho wa mlalo wake na kukawia pale kabla ya kurudi. Hesabu humuunga mkono: boti ya upana wa mita 2 yenye akiba ya nusu mita huyumba kwenda na kurudi kwa sekunde 2 na nusu hivi, na akiba ikishuka hadi sentimita 15 mwendo huo huchukua sekunde 4 na nusu hivi. Abiria asiyejua huufurahia mrama wa polepole kwa sababu hauchafui tumbo. Meli za kitalii huundwa ziyumbe polepole kwa makusudi hayo ya kustarehesha, lakini zina ukubwa na vifaa vya kuzilinda: farumi ya maji chini, na mapezi ya chuma yanayochomoza ubavuni chini ya maji na kugeuzwa na mashine ili kupingana na kila mlalo. Mapezi hayo huhitaji maji yapite juu yake kwa kasi. Injini zikizima, msaada wake karibu wote huisha.

Ziwa lenyewe lina tabia ambazo bahari haina. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mahali penye kina kirefu zaidi hapavuki sana mita 80. Maji yake ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hivyo ni mepesi kwa asilimia 2.5 hivi kuliko ya Mombasa, na chombo chenye mzigo uleule huzama zaidi kidogo. Ndiyo maana alama za mzigo zilizolazimishwa kwenye meli za Uingereza kwa sheria ya mwaka 1876, kwa juhudi za mbunge Samuel Plimsoll, baadaye zilipata mstari wake wa maji baridi.

Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yanafuatana karibu. Wimbi refu la bahari hunyanyua boti ndogo na kuishusha taratibu. Wimbi fupi la ziwa huigonga kabla haijamaliza kurudi kutoka kwenye lile la kwanza. Ukubwa wake hutegemea nguvu ya upepo, muda wake, na umbali wa maji ambao upepo umekimbia bila kizuizi. Hapo ndipo kaunti ya Homa Bay inapogawanyika sehemu mbili. Mji wa Homa Bay na Kendu Bay zimo ndani ya Ghuba ya Winam, ambako maji ni ya kina kifupi na nchi kavu iko pande zote. Visiwa vya Mfangano, Remba na Ringiti viko nje, na kusini zaidi, Karungu, Sori na Muhuru Bay za Migori hutazama ziwa wazi lenye mamia ya kilomita za maji kuelekea Uganda na Tanzania. Boti iliyopakiwa ikatosha kuvuka kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno huenda isitoshe hata kidogo kwa safari ya kwenda kisiwa cha Migingo.

Zanzibar ililipia tofauti hiyo kwa damu. MV Skagit, iliyozama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012 kukiwa na upepo mkali, ilikuwa imeundwa Marekani kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound katika jimbo la Washington. Ilikuwa chombo kizuri kwa mahali kilipotengenezewa.

Upepo wa ziwani hufuata saa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani; kuanzia adhuhuri ghuba huchafuka, ndiyo sababu wasafiri hupendelea boti ya asubuhi. Usiku mambo hugeuka. Milima ya Gusii na nyanda za juu hupoa, hewa hushuka kutoka pande zote za ziwa na kukutana katikati yake, juu ya maji yenye joto la nyuzi 25 hivi. Hewa hiyo hupanda, na dhoruba za radi huzaliwa, zikipamba moto kati ya usiku wa manane na asubuhi. Saa hizo ndizo za omena: wavuvi huwasha taa katika usiku usio na mwezi ili dagaa hao wakusanyike. Dhoruba ikipasuka, hewa baridi hushuka kwa kishindo na kusambaa juu ya maji, na upepo wa ghafla hutangulia mvua kwa dakika chache tu.

Mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kati ya 2017 na 2021 pamoja na idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki, ulijengwa juu ya ujuzi huo. Utabiri wa ziwa ulianza kutaja nguvu ya upepo na kimo cha mawimbi kwa eneo na kwa sehemu ya siku, ukipitia redio za lugha za wenyeji na vikundi vya usimamizi wa fuo. Kwa mvuvi wa Sori, kuambiwa kwamba usiku utakuwa na dhoruba upande wa magharibi kunafaa kuliko kuambiwa kwamba Nyanza kutakuwa na mvua.

Upepo ukishakikuta chombo majini, kanuni ni chache. Omo huelekezwa kwenye mawimbi kwa mshazari, mwendo hupunguzwa, mizigo ya juu hushushwa au kutupwa, na watu huketi sakafuni. Hatari kubwa ni injini kuzima, kwa kuwa boti isiyo na mwendo hugeuka yenyewe ikayapa mawimbi ubavu. Wenye akili hutupa nanga au ndoo iliyofungwa kamba kutoka omoni ili ivute na kuizuia isigeuke.

Lakini ajali mbaya zaidi za ziwa hili hazikuhitaji dhoruba. MV Bukoba, iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia walikufa. Hata nje ya ziwa ilikuwa hivyo: feri ya Mtongwe, Mombasa, ilizama tarehe 29 Aprili 1994 ndani ya kivuko chenye utulivu, na watu 272 walipoteza maisha. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia gati la Ukara. Ilikuwa na uwezo wa watu 100 hivi, na waliokufa walizidi 220. Abiria walielezwa kuwa walisogea upande mmoja chombo kilipokaribia kutua. Ni jambo ambalo hutokea kila siku kwenye kila ufuo: kila mtu ana mzigo wake, kila mtu anataka kushuka wa kwanza, na wote husimama upande wa gati kwa pamoja. Kanuni za meli za abiria hulitarajia, na hudai kwamba abiria wote wakisongamana ubavu mmoja chombo kisilale zaidi ya nyuzi 10.

Boti ya mbao iliyopinduka kwa kawaida haizami mara moja. Huelea kifudifudi, ikishikiliwa na mbao na hewa iliyonaswa ndani, kwa hiyo aliyeshikilia mkuku huonekana na waokoaji mapema kuliko anayejaribu kuogelea hadi pwani. Hewa hiyo ndiyo iliyoishikilia pia MV Bukoba kwa saa kadhaa. Tumbo la meli lilipotobolewa ili kuwatoa waliokwama, hewa ilitoka na meli ikashuka. Joto la maji humpa mtu saa nyingi kabla ya baridi kumshinda, tofauti na bahari za kaskazini. Kinachommaliza ni kuchoka mikono na kumeza maji, na hapo jaketi okozi hufanya kazi yake: mwili wa binadamu karibu unaelea wenyewe, na jaketi huhitaji kubeba kichwa tu, yaani kilo tano au sita. Ila boti hupinduka kwa sekunde chache, na jaketi lililosukumwa chini ya magunia, au linalokaliwa kama mto kwenye ubao, halivaliki tena wakati huo.