Haki Zako Kazini (Sehemu ya 2): Ruhusa ya Siku Moja Bila Kuugua

Wiki iliyopita tulieleza likizo ya uzazi. Leo tunaingia katika jambo linalowasumbua wengi wanaolala Kitengela na kufanya kazi katika viwanda vya Athi River. Mtu hana homa wala kikohozi, anahitaji siku moja tu, na hajui aiombe vipi.

Chukua mwenye ploti anayefuatilia hatimiliki yake. Ofisi ya ardhi mjini Kajiado hufunguliwa siku za kazi, saa zilezile anazotakiwa kuwa kwenye mashine. Mpaka apande matatu, apite Isinya, apange foleni na kurudi, siku imekwisha. Kwa kuogopa kunyimwa ruhusa, anapitia zahanati akilalamikia tumbo, anaandikiwa “siki ofu”.

Hasara ya uongo huo ni yake mwenyewe. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Akizimaliza kwa shughuli za ploti, homa ya matumbo itamkuta akilipwa nusu, au asilipwe kabisa.

Sheria hiyo haina kifungu mahususi cha ruhusa ya mambo binafsi. Kilichopo ni kifungu cha 28: likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili. Mwajiri anaweza kuigawa kwa ridhaa ya mfanyakazi, na kwa kawaida sehemu moja huwa wiki mbili za kazi mfululizo. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, hizo ni siku 12, zinabaki 9. Hizo 9 ndizo za hatimiliki, mkutano wa wazazi au posa ya mdogo wako, na hazihitaji cheti cha daktari.

Mwajiri naye ana hoja. Katika laini ya kushona nguo, anayeshona mifuko asipofika, wanaomfuata hukaa bure. Lakini akiambiwa siku tatu mapema atatafuta wa kushika nafasi. Akiletewa cheti asubuhi ileile hana la kufanya. Kampuni inayokataa kila ombi la kweli inawafunza watu wake kudanganya, na hilo ni kosa la uongozi.

Usitoroke kazi, hata hivyo. Kifungu cha 19 kinaruhusu ukatwe mshahara wa siku uliyokosa bila ruhusa, na cha 44 kinaweza kukufukuzisha papo hapo, ingawa cha 41 kinataka usikilizwe kwanza, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama.

Kwa hiyo andika ombi lako, taja tarehe, litiwe sahihi, ubaki na nakala. Wiki ijayo tutaeleza haki za vibarua.