Kilo Mbili Zimekwenda Wapi?

Katika milima ya Upare, wilayani Same, kata ya Myamba inajulikana kwa kilimo cha tangawizi. Tuchukue mfano wa mkulima aliyepima gunia lake nyumbani jioni, akapata kilo 50. Kesho yake, kwenye mizani ya mnunuzi, gunia hilo hilo likaonyesha kilo 48. Je, ameibiwa? Kabla ya kumtuhumu mtu, hatuna budi kuchunguza asili za tofauti hiyo, moja baada ya nyingine.

Asili ya kwanza ni kitu chenyewe. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa tangawizi mbichi ni maji. Ikikaa mahali pakavu usiku kucha, hupoteza sehemu ya maji hayo. Kwa hiyo kinachopimwa asubuhi si kile kile hasa kilichopimwa jioni.

Ya pili ni mpimaji. Mshale ukitazamwa kutoka upande huonekana umesogea. Na gunia likiwa bado linabembea, mshale hautulii. Makosa ya namna hii huwa mara juu, mara chini. Dawa yake ni kupima mara kadhaa na kutafuta wastani.

Ya tatu ni chombo. Tuseme mshale, kabla ya kutundikwa kitu chochote, umesimama nusu kilo chini ya sifuri. Hapo wastani hausaidii, kwani kosa huelekea upande mmoja daima. Tena, kilo 50 zikigawanywa katika ndoo kumi na kupimwa moja moja, mkulima atapoteza kilo 5 badala ya nusu kilo.

Je, mlima nao hauna lawama? Mizani ya kamani hupima mvuto wa dunia, nao hupungua kwa takriban sehemu 3 katika 10,000 kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Kwa gunia letu hizo ni gramu 15 tu. Isitoshe, gunia likiteremshwa bondeni uzito wake huongezeka; haupungui. Mlima hauna hatia.

Wanafunzi wanaweza kuichunguza mizani yoyote ya kamani. Kwanza, tazameni sifuri. Kisha pimeni ndoo tupu, mtie ndani yake lita 5 za maji, mpime tena. Tofauti iwe karibu sana na kilo 5. Isipokuwa hivyo, rudieni kupima maji yenyewe kabla ya kuilaumu mizani, maana chombo cha kupimia lita nacho chaweza kukosea.

Mizani ya biashara yapasa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Hata hivyo, mkulima anayetazama sifuri kabla ya kutundika gunia lake, na kupima siku ile ile ya kuuza, ataweza kusema ni kiasi gani kimekwenda na upepo, na ni kiasi gani anachopaswa kudai.