MIWANI YA JUA KWA MVUVI: WEUSI WA KIOO SI KINGA YA MACHO

Alfajiri ya siku ya mapumziko, kabla jua halijapanda juu ya Ghuba ya Murchison, hakuna mtu katika mwalo wa Ggaba anayehitaji miwani. Maji yametulia, rangi yake ni ya kijivu, na mwenye mshipi huona vizuri mahali chubwi lake linapozama. Lakini ifikapo saa tatu asubuhi mambo hugeuka. Jua huyapiga maji, na maji huirudisha nuru usoni pa mtu kana kwamba bati jipya limetandazwa ziwani. Mvuvi hukunja uso na kufinya macho. Nahodha wa mtumbwi halioni gogo linaloelea mbele yake, wala kamba ya wavu ambayo baada ya kitambo kidogo itaizonga rafadha ya injini yake.

Kwa askari aliye likizoni na jamaa zake, kuvua kwa mshipi ni burudani isiyo na gharama kubwa, na siku ya bahati huleta kitoweo cha ngege au sangara nyumbani. Kwa wengine wenye sare, ziwa lenyewe ni mahali pa kazi. Polisi wa majini hufanya doria humo, na mwaka 2017 Serikali ya Uganda ilipeleka wanajeshi kwenye maziwa ili kupambana na uvuvi haramu. Wote hao, wa kazi na wa burudani, hukutana na adui mmoja, nao ni mng'ao wa jua juu ya maji.

Wengi hudhani kwamba dawa ya mng'ao ni kununua miwani iliyo nyeusi kupita zote. Dhana hiyo ni potofu, na huwapotezea watu fedha na hata afya ya macho.

WEUSI UNAVYODANGANYA

Mboni ya jicho ni kama dirisha linalojifunga na kujifungua lenyewe. Penye nuru nyingi hujibana, na penye giza hupanuka. Mtu avaapo kioo cheusi, mboni hudhani kwamba jua limepungua, nayo hupanuka. Ikiwa kioo hicho hakizuii miali isiyoonekana ya jua, iitwayo urujuanimno, miali hiyo huingia kupitia dirisha ambalo sasa limefunguliwa zaidi. Hivyo mwenye miwani nyeusi isiyo na kinga huondoa kule kufinya macho ambako ndiko kulikuwa ulinzi wake wa asili, asipate ulinzi mwingine badala yake.

Jambo hili si dogo kwa wakazi wa Kampala. Mji upo karibu sana na mstari wa Ikweta, na Ziwa Victoria lipo kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo miali hiyo inavyozidi ukali, kwa takriban sehemu 10 katika kila 100 kwa kila mita 1,000. Shirika la Afya Duniani limeihesabu miali hiyo kuwa miongoni mwa visababishi vya mtoto wa jicho, ingawa umri nao una sehemu kubwa. Tena wale wakaao juani, kwenye upepo na vumbi, miaka mingi, huweza kuotwa na kinyama kutoka pembeni mwa jicho kuelekea kwenye mboni. Miwani haiponyi maradhi hayo yakishaingia. Kazi yake ni kuyachelewesha au kuyazuia yasije.

AFISA WA JESHI ALIYETAZAMA DIRISHA

Siri ya miwani inayofaa majini iligunduliwa na mtu aliyekuwa askari. Étienne-Louis Malus alikuwa afisa mhandisi katika jeshi la Ufaransa, naye alikuwa amekwenda Misri pamoja na majeshi ya Napoleon. Mwaka 1808, akiwa Paris, alichukua kipande cha jiwe angavu la aina ipatikanayo Iceland, akatazama kwa jiwe hilo jua la machweo lililokuwa likimeremeta kwenye madirisha ya Jumba la Luxembourg. Kwa kawaida jiwe hilo huonyesha kila kitu mara mbili. Malus alipoligeuza polepole, aliona sura moja ya mng'ao ikififia na nyingine ikizidi nguvu. Akatambua kwamba nuru iliyogonga kioo na kurudi si sawa na nuru itokayo moja kwa moja kwenye jua.

Baadaye Mskoti David Brewster alipima pembe ambayo mabadiliko hayo huwa makubwa kabisa, akaitangaza kanuni yake mwaka 1815. Hata hivyo mawe ya namna ile yalikuwa adimu na mazito, wala hayakufaa kuvaliwa machoni. Mwaka 1929 kijana wa Kimarekani, Edwin Land, aliomba hataza ya utando mwembamba uliofanya kazi ile ile, na mwaka 1937 akaanzisha kampuni ya Polaroid. Katika Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo iliwatengenezea askari wa Marekani miwani ya aina hiyo. Kutokana na jina lake, watu wengi hadi leo huiita miwani ya polaroidi.

UA WA MATETE

Ili kuelewa kazi ya utando huo, na tuuwaze ua wa matete, kama ule unaozunguka maboma ya zamani ya Buganda. Matete yamesimama wima, na kati yake mna nyufa nyembamba. Mtu akipenyeza fimbo iliyosimama wima, itapita. Akiilaza, itakwama. Nuru ya jua hutikisika pande zote, lakini ikigonga uso wa maji, sehemu kubwa ya ile inayorudi hutikisika kwa kulala, sambamba na maji yenyewe. Kioo cha polaroidi ni ua wa matete yaliyosimama. Nuru iliyolala, ambayo ndiyo mng'ao, hukwama, na nuru itokayo ndani ya maji, kwenye samaki, jiwe au mzizi, hupita kwa kiasi cha kutosha. Miwani nyeusi ya kawaida haibagui. Hupunguza mng'ao na samaki kwa kipimo kimoja, na mwishowe mtu huona vyote viwili kwa shida.

Kazi hiyo haiwi sawa kila mahali majini. Anayetazama chini miguuni pake hapati msaada mkubwa. Mahali pazuri kupita pote ni mbele kidogo. Kwa mtu ambaye macho yake yapo mita 2 juu ya maji, ni umbali wa karibu mita 2 na nusu hadi 3 kutoka aliposimama. Saa nazo huhusika. Mng'ao wa jua lenyewe huzuiliwa vyema zaidi jua likiwa limepanda kama sehemu mbili kwa tano za safari yake ya kufika utosini, yaani baada ya saa tatu asubuhi kidogo, na tena alasiri kuelekea saa kumi na nusu.

Yafaa pia kusema kweli kuhusu maji ya hapa nyumbani. Ghuba ya Murchison, karibu na Ggaba na Port Bell, mara nyingi ina maji ya kijani kwa wingi wa miani. Hakuna miwani iwezayo kuyapenya matope wala miani. Hapo faida yake ni kuonyesha vitu vilivyo karibu na uso wa maji, kama vile magogo, nyavu, miamba na ncha za magugu maji, jambo ambalo kwa mwendesha mtumbwi ni usalama wa abiria wake. Atakaye kumwona samaki mwenyewe atafaidika zaidi mahali penye maji maangavu, mbali na matope ya mji. Hata huko, akumbuke kwamba samaki huonekana juu kuliko alipo, kwa sababu nuru hupinda itokapo majini. Miwani haiondoi kosa hilo.

KUCHAGUA MBELE YA MUUZAJI

Katika soko la Owino na karibu na vituo vya teksi, miwani ya jua huuzwa kwa mikono na kwa meza, na karibu kila moja ina kibandiko chenye neno "Polarized". Muuzaji atasema, "Hii ndiyo yenyewe, afande." Kibandiko hakithibitishi kitu, wala bei kubwa haithibitishi. Lakini mnunuzi aweza kufanya majaribio matatu palepale, bila gharama yoyote.

La kwanza ni la miwani mbili. Zishikwe moja mbele ya nyingine, kioo kwa kioo, kisha moja izungushwe hadi isimame wima huku ya pili ikiwa imelala. Ikiwa zote mbili ni za polaroidi, mahali vioo vinapopitana patakuwa peusi karibu kabisa. Pasipobadilika, angalau moja kati yake ni kioo cha rangi tu.

La pili ni la simu. Mnunuzi aiwashe simu yake, aitazame kupitia miwani huku akiizungusha miwani polepole. Kwa simu nyingi, uso wa simu utaingia giza au kubadilika rangi kwenye pembe fulani. Azungushe kioo cha kulia, kisha cha kushoto. Vyote viwili viingie giza kwenye pembe ile ile, kwani vioo visivyolingana huchosha macho na kuleta maumivu ya kichwa.

La tatu ndilo linalofanana na ziwa. Atazame mng'ao juu ya boneti ya gari au kwenye dimbwi la maji barabarani, akiwa ameivaa miwani kama kawaida. Mng'ao upungue. Akiinamisha kichwa upande, mng'ao urudi. Ikiwa hali ni kinyume, utando umewekwa vibaya.

Majaribio hayo huonyesha utando tu. Hayaonyeshi kinga ya urujuanimno, kwa kuwa hayo ni mambo mawili mbalimbali, na miwani yaweza kuwa na moja ikakosa jingine. Alama ya kutafuta ni UV400. Ili kuwa na hakika, miwani ipelekwe kwa fundi wa macho mwenye kifaa cha kupima, naye ataipima kwa dakika chache.

RANGI, GIZA NA UMBO

Rangi ya kijivu hufaa kwenye maji mapana na jua kali, kwa maana haibadilishi rangi za vitu. Ya kahawia hufaa kandokando, kwenye maji mafupi na siku za mawingu, kwani hutofautisha vyema kivuli na kitu. Ya manjano ni ya asubuhi mapema na jioni, na mchana wa jua kali haitoshi.

Giza la kioo hupimwa kwa daraja kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 3, lipitishalo sehemu 8 hadi 18 katika kila 100 za nuru, latosha kwa ziwa. Daraja la 4 ni jeusi mno, na halifai kabisa kuendeshea gari.

Umbo liwe la kukumbatia uso, kwa sababu nuru huingia pia kutoka pembeni na kutoka chini. Kofia yenye ukingo mpana husaidia sana. Vioo vya plastiki ngumu ni bora kuliko vya kawaida kwa mvuvi, kwani ndoana au chubwi likiruka usoni, plastiki hiyo haitawanyiki vipande. Mwenye miwani ya daktari aweza kuagiza ya polaroidi yenye kipimo chake, au kununua vioo vya kubandika juu. Na watoto wanaofuatana na wazazi wasisahauliwe. Mwanasesere wa miwani, uliotengenezwa kwa mchezo, si kinga.

PALE ISIPOFAA

Askari wa doria ajue kwamba miwani hii yaweza kuutia giza uso wa simu, wa ramani ya satelaiti na wa vyombo vingine vya mashua. Aivue kabla ya kusoma. Vivyo hivyo mmeremeto wa mbali huweza kumjulisha mtu kwamba kuna chombo au upepo unaokuja, kwa hiyo mlinzi mwema huiinua mara kwa mara na kutazama kwa macho matupu. Jua likizama, iwekwe mfukoni. Katika Ikweta giza huingia upesi, na wengi hurudi mjini barabarani saa hiyo hiyo.

KUITUNZA

Miwani isifutwe kwa mkono wa shati ikiwa na mchanga. Isuuzwe kwanza kwa maji safi, kisha ipanguswe kwa kitambaa laini cha pamba. Isiachwe mbele ya kioo cha gari juani, maana joto huweza kuubandua utando. Dawa ya kufukuza mbu isipakwe halafu vidole vikashika vioo, kwani nyingine hula plastiki. Na ifungwe kamba nyuma ya shingo, kwa sababu miwani nyingi ikianguka majini huzama.

Katika nyumba ya askari kila shilingi ina kazi yake, na mama wa nyumba ana haki ya kuuliza kwa nini fedha itumike kwa miwani wakati ada ya shule inangoja. Jibu ni kwamba si lazima iwe ya bei kubwa, ila ni lazima iwe ya kweli. Bunduki ikiharibika hubadilishwa ghalani, na mshipi ukikatika hufungwa mwingine. Jicho halina akiba. Anayeona ukungu, au kinyama kikianza kuota, asingoje miwani imwokoe. Afike mapema kwenye kliniki ya macho, kama zile za hospitali za Mulago na Mengo. Rahisi ghali, na tahadhari kabla ya hatari.